Sukari ya Mkopo, Pesa Mfukoni

Shemeji yangu alichukua baiskeli kwa mkopo kwenye duka la Mhindi mmoja hapa Temeke, akaenda nayo mashamba ya mkonge, na hadi leo sijui kama anaiendesha au ameiuza. Mie ndiye niliyemdhamini. Siku zile za utawala wa Mwingereza, mwenye duka hakuwa na njia nyepesi ya kumshitaki Mwafrika kwa deni, basi alikopesha kwa kumjua mtu, na ukimchosha aliwaambia wenzake. Haukupita muda, mchinjaji wa Chang'ombe naye akawa ananiuliza, "Bwana, baiskeli inakwenda?" kisha anaifunika nyama yake. Nyama yenyewe mifupa mitupu.

Deni nililimaliza kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Nikadhani kumaliza ndiko kusafika. Nikaanza kununua kila kitu taslimu, hata chumvi, nikiigonga sarafu juu ya meza ili walio nyuma yangu wasikie. Nikijiona bwana mkubwa. Nikikumbuka sasa naona nilikuwa kituko, ila sina hakika. Pengine hakuna hata aliyenitazama.

Masika yakakaribia. Makuti ya nyumba yetu yalikuwa yameoza, na mama alikuwa na kifua kisichovumilia unyevu. Nikaenda kwa yule yule Mhindi kununua sukari, nikaomba na madebe yaliyokunjuliwa ya kuezekea, niyalipie polepole. Mwenye duka aliendelea kupima sukari.

"Taslimu yako naijua, bwana. Ahadi yako siijui."

"Si nimekulipa deni la mwenzangu lote?"

"Ulilipa nilipokuja mlangoni kwako. Nataka kukuona unakuja mwenyewe."

Akanirudishia pesa yangu ya sukari. Akaniambia niichukue sukari, pesa niilete Jumamosi.

Hiyo ndiyo akili yao wafanyabiashara: mwenye pesa atembee nayo mfukoni huku akikopa, ndipo aaminiwe. Nikaifanya kazi hiyo ya kijinga wiki baada ya wiki. Nakopa sukari ambayo naweza kuinunua, nalala na pesa ya watu chini ya mto, Jumamosi naipeleka kama mtoto anayetumwa. Mama alipojua akaniuliza kama nimeanza kunywa tembo.

Lakini nisimwonee. Bei hakunipandishia. Wengine waliweka kanga za wake zao rehani, kwangu hakutaka kitu. Huenda angenikopesha mapema ningekimbia kama shemeji. Sidhani, lakini yeye angejuaje?

Mawingu yalipoanza kujikusanya akaniita, akanihesabia madebe ya kutosha nusu ya paa. Nusu tu. Nyingine, akasema, nikishamaliza kulipa haya. Nilitamani kumwachia madebe yake pale pale barazani, yamzibe mlango. Nikayabeba.

Fundi akaniuliza aanzie upande gani. Watu wengine huuliza maswali ili waonekane wapo kazini. Nikamwonyesha chumba cha mama.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha. Mama alilala pakavu, hakukohoa. Mie nilikihamisha kitanda changu hata nikachoka, nikakaa juu yake nimejifunika gunia, nikimtukana mwenye duka kimoyomoyo, na nikiwaza pesa ya madebe nimeiweka wapi isilowe. Jumamosi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua.