Seva Iliyofundishwa Kutongoja Jibu

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya kiwanda kimoja cha majani chai huku Kericho, nikingoja kuonana na meneja. Hata hakuniona. Alisimama nyuma ya fundi wa kompyuta, ameshika mgongo wa kiti, macho kwa saa ya ukutani. Orodha ya chai ya mnada isingefika Mombasa kabla ya saa sita, chai yote ingebaki stoo.

"Mbona orodha inatambaa?" meneja akauliza.

"Seva, hii kompyuta inayopeleka orodha, inatuma kidogo, halafu inangoja Mombasa iseme imepata ndiyo itume tena," fundi akajibu. "Nabadilisha mipangilio ya TCP, ile kanuni ya kutumiana data, itume data nyingi kabla ya kungoja."

"Na ikipotea njiani?"

"Itarudia yenyewe, mkubwa."

Meneja akatazama saa tena. "Haya, weka."

Fundi akabonyeza, na mstari wa kuonyesha kiasi kilichotumwa ukaanza kukimbia kwenye skrini. Ukapita nusu. Ulipokaribia mwisho, meneja akanyakua simu ya mezani awaulize Mombasa kama wameona kitu.

Mstari ukasimama.

"Mkubwa," fundi akasema polepole, bila kugeuka, "orodha ilikuwa inapitia laini hiyo ya simu."

Wakaanza upya. Safari hii meneja alikalia mikono yake, na orodha ikafika saa sita ikikaribia kugonga.

Seva ilibadilishwa kwa dakika chache tu. Sisi tunaotuma mtu Londiani, kisha tunatuma mwingine akaangalie kama amefika, nani atatubadilishia mipangilio?