Bei ya Kwanza ya Taya

Siku dalali wa mnada wa fanicha alipokalia kiti cha daktari wa meno kwa mara ya kwanza, alianza kubishana hata ganzi ya mdomo haijatajwa. Picha ilionyesha kifuko cha maji ndani ya mfupa wa taya, chini ya gego la mwisho.

"Si saratani, mzee wangu," daktari alimwambia, "ila kinakula mfupa. Tutatoa kifuko pamoja na gego moja."

"Gego liache, dada. Punguza kidogo."

"Hapa hatupunguzi."

Dalali akashika njia. Tangu aanze kazi hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Alikwenda kwa daktari wa pili na wa tatu, wote wakamwambia yale yale, naye akaendelea kutafuta. Hakutulia tena. Katikati ya mnada ulimi ulikwenda kupapasa uvimbe, akasahau dau limefika wapi, wanunuzi wakamzomea.

"Mume wangu, unangoja nani apandishe dau?" mkewe alimuuliza. "Kifuko hicho hakijui mnada."

Taya lilipoanza kufa ganzi, alirudi kwa yule wa kwanza. Kifuko kilikuwa kimetambaa hadi chini ya gego la jirani.

"Sasa ni mawili," daktari alisema.

Dalali alijilaza kitini, akafungua mdomo.

Mfupa ulipona, magego mawili yakaenda. Baadaye daktari alikuja mnadani kutafuta kabati, akataja bei, na dalali akagonga nyundo papo hapo.