Kiti cha Kushoto

Mdogo wangu ni fundi viti, na mjini wanamwita Sponji. Jina amelipata kazini, maana hatoki karakanani bila chembe za sponji kwenye nywele, na akifika kwa mtu lazima alibonyeze kochi kwanza ndipo akae, hata kama amekuja kutoa pole. Mimi ni dada yake. Jumatatu mpaka Ijumaa naendesha basi la shule, nabeba watoto wa watu wanaopigana, wanaotapika na wanaosahau viatu. Kwa hiyo mkisikia sauti yangu iko juu msidhani nagomba, ndivyo ilivyokaa.

Watu wanasema Sponji ana wazimu wa gari. Mimi hilo sikatai, ila wazimu nao una historia yake, na wao hawaijui.

Gari lenyewe linaitwa Kobe. Ni la zamani, la dizeli, bati nene, milango inafungwa kwa kubamizwa. Barabara ya lami inamdhalilisha, hata baiskeli inampita. Lakini mtoe kwenye lami, mpeleke kwenye tope na makorongo, magurudumu yote manne yaanze kuvuta, hapo utanyamaza mwenyewe. Kila Jumamosi Sponji hufunga karakana, akapakia jeki, kamba ya kuvutia, sepetu, dumu la maji na chupa ya chai, akashika njia ya machimbo ya mawe. Hawindi, hauzi kitu, hana mtu wa kumtembelea huko. Anakwenda kupita pasipopitika, basi. Ukimuuliza anapata faida gani, anakuuliza na wewe huo mpira unaoutazama unakulipa shilingi ngapi. Na usukani wa Kobe hampi mtu. Mimi dereva mwenye leseni, nabeba roho za watoto wa watu, lakini eti nakalia klachi, mguu hautoki juu yake.

Zamani alikuwa akienda na mkewe. Wifi yangu alikuwa karani wa posta, mwembamba, mcheshi, mwanamke wa kukuchekesha msibani ukaona aibu. Nyonga yake ya kushoto iliteguka utotoni ikaunga vibaya, akikaa anaegemea upande. Ndiyo maana kila kiti cha nyumbani kwao Sponji alikijaza zaidi upande wa kushoto, ili mkewe akae sawa. Sisi wageni tulikuwa tunainuka pale viuno vimepinda, na wifi akitucheka.

Alipougua, mvua zilikuwa zimeila barabara ya hospitali, na kukaa alikuwa hawezi tena. Sponji akafungua boliti, akakitoa kiti cha kushoto cha Kobe, akatandika godoro pale. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika miguu. Sponji alikuwa akibadilisha gia, kisha anaurudisha mkono kwenye paji la uso la mkewe, akibadilisha tena, anaurudisha tena, njia nzima. Wifi hakutoka hospitali ile akiwa hai. Godoro lilirudi limekunjwa, na kile kiti nilikuja kukikuta sokoni, mlinzi anakikalia. Sponji alikuwa amemgawia asikione tena.

Baada ya hapo Kobe alisimama uani karibu mwaka mzima. Majani yakaota magurudumuni, kuku wa jirani wakataga chini yake. Sponji alikwenda kazini, akala nilichompelekea, akajibu ukimuuliza. Usipomuuliza hana neno. Kulia sikumwona, na hilo ndilo lililonitisha. Jumamosi moja uzalendo ukanishinda. Nikaingia ndani ya Kobe, nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikamwambia sitoki mpaka anipeleke machimboni. Alidhani natania. Nilikaa hapo mpaka jua la mchana likaivisha lile bati, natiririka jasho, namtukana kwa adabu kupitia dirishani. Mwishowe akaja amebeba betri.

Tangu siku ile tukawa tunakwenda wote kila Jumamosi. Alianza kuongea, kwanza na Kobe, halafu na mimi. Habari za mkewe hakuzigusa, nami sikumchokonoa. Pale mbele palipokuwa na kiti palibaki matundu ya boliti na gunia juu yake. Mimi nilikaa kwenye lile benchi la nyuma, la ubavuni, magoti yamebanwa na tairi la akiba, kila shimo linanipiga uti wa mgongo. Nikirudi nyumbani nainuka kitandani kwa awamu. Daktari akanikanya, akasema nikiendelea hivyo hata basi la shule nitaliacha.

Mgongo ni wangu, nimeuzoea. Lililoninyima usingizi ni kwamba mimi nikiacha kwenda, Sponji naye ataacha. Peke yake hatoki, namjua tangu hajaota meno. Na akiacha, anarudi kwenye ule mwaka wa kuku kutaga chini ya gari, na safari hii sikuwa na hakika kama ningeweza kumtoa.

Nikamfuata karakanani. Alikuwa amepiga magoti anagongelea mikanda kwenye fremu ya kochi, misumari midogo ameishika kwa midomo.

"Sponji, nataka kiti."

"Kochi au cha mezani?"

"Usinichekeshe. Kiti cha mbele cha Kobe."

Akagongelea msumari mmoja, wa pili, wa tatu. "Benchi lina nini?"

"Benchi halina kitu. Mgongo wangu ndio wenye kitu."

"Wiki ijayo," akasema.

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Mara fremu haijapatikana, mara ngozi iliyopo ni ya rangi mbaya, mara uzi. Alinipiga chenga mpaka nikachoka. Siku moja nikamwambia mbele ya wateja, "Mji mzima umekalia kazi ya mikono yako. Hata daktari aliyenikataza kukaa vibaya, alinikataza akiwa amekaa kwenye kiti chako. Dada yako wa tumbo moja anakaa juu ya bati. Basi mimi siji tena Jumamosi." Nikampa kisogo nikaondoka. Nusu ilikuwa mikwara, nusu nyingine hofu.

Kesho yake jioni akanipigia simu. "Pita hapa, ukae kwenye stuli."

Lazima niwaeleze Sponji anavyopima. Futi anayo, ila ni ya kupimia mbao. Mtu akitaka kiti chake mwenyewe, Sponji anamkalisha kwenye stuli, anampigisha soga zisizo na kichwa wala miguu, bei ya saruji, paka wa jirani, huku macho yake yanapita mabegani, kiunoni, mapajani. Ukiinuka, vipimo vyote vimeshaingia kichwani. Hajawahi kukosea. Basi nikakaa, tukaongea habari za mwalimu mkuu na suruali zake, nikacheka, akaniambia nenda.

Jioni kadhaa nilipita pale nikaona taa inawaka. Siku moja nikamsikia anapiga mluzi. Nilisimama barabarani na mfuko wangu wa vitunguu nikisikiliza, maana sikuwa nimeusikia mluzi huo tangu tulipozika. Nilifurahi hata nikasahau kununua sabuni.

Jumamosi ikafika. Kiti kilikuwa kizuri, Mungu ni shahidi. Ngozi ya kahawia, mshono wa mistari miwili, hakuna kunyanzi hata moja. Sponji alisimama upande wa pili wa gari akijifanya anafuta kioo kwa kitambaa.

"Haya, kaa."

Nikakaa. Kwanza kilinibana. Mimi ni mwanamke wa kujaa, sijifichi, na kiti kile kilipokea nusu yangu, nusu ikabaki nje inasubiri. Nikasema labda ngozi bado mpya. Halafu nikahisi kitu kinanisukuma. Upande wa kushoto ulikuwa umeinuka, taratibu tu, bila kukaa huwezi kujua. Mwili ukanilalia kulia. Niliijua ile hali. Nimeinuka nayo kwenye makochi ya nyumba ile miaka na miaka, mtu ananicheka.

Nikamtazama Sponji, naye alikuwa ananitazama mimi kwa shauku, hana habari.

"Vipi?"

"Kizuri," nikasema. "Kizuri sana. Washa gari."

Ningesema nini? Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ngeni mwilini mwake. Nikitaja jina la mkewe pale uani angezima injini, akaingia ndani akafunga mlango, na huenda asingetoka. Nikajikaza kisabuni.

Tukapita machimbo, tukaingia kwenye njia ya ng'ombe. Kobe alishuka mtoni, akaguguna mawe, akapanda ukingo wa pili maji yanamchuruzika. Sponji alikuwa anaongea mfululizo, ananieleza alivyopata ile fremu kwa muuza vyuma chakavu. Mimi nimeng'ang'ania mshikio wa dirishani nisije nikamwangukia. Nilifanikiwa mpaka tulipofika ubavuni mwa kilima, pale njia inapolala kulia. Hapo kilima kinanisukuma, kiti kinanisukuma. Nikateleza mzimamzima, nikaukalia mkono wake kwenye gia.

Akakanyaga breki. "Dada, mbona unakaa hivyo?"

"Mgongo."

"Mgongo gani? Kiti nimekupimia mwenyewe. Shuka."

"Sponji, twende tu."

"Shuka nikitazame."

Alikuwa ameudhika, fundi aliyeguswa kazi yake. Nikashuka. Akazunguka, akaweka viganja viwili juu ya kiti, akabonyeza kama anavyobonyeza siku zote. Cha kulia kikazama. Cha kushoto hakikuzama. Akabonyeza tena. Kisha mikono ikatulia palepale, naye akainamisha kichwa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikazunguka nikaizima, nikarudi.

"Nilikupima wewe," akasema. "Nilikuona kabisa pale kwenye stuli. Nilikata sponji nikiwa nakuwaza wewe, nacheka zile suruali za mwalimu mkuu."

"Najua."

"Mikono ndiyo imekwenda kwake."

"Najua, mdogo wangu."

Akalia. Alilia kwa sauti, paji la uso kwenye ile ngozi ya kahawia, mabega yanapanda na kushuka, na mimi niliyeisubiri siku hiyo muda wote sikujua niiweke wapi mikono yangu. Nikamshika shati mgongoni nikalia pamoja naye. Nilimlilia wifi yangu, nikamlilia na yeye, maana nilikuwa nampenda kijana huyu na nilikuwa nimechoka kumwogopea.

Aliponyamaza akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu uani."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utafunga mlango."

Akafikiri. "Ningefunga," akasema.

Akajipangusa pua kwa mkono wa shati. Tulikuwa juu ya kilima, njia ya kurudi iko nyuma yetu, na nilijua kabisa neno litakalofuata ni turudi. Nilishaanza kulitafutia jibu. Badala yake akaniambia, "Jumatatu nitakifumua nikitanue."

"Kifumue uone nitakavyokufanya."

"Sasa wewe utakaa wapi?"

Akatazama kiti, akatazama upande wa usukani. Kisha akaingia yeye mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha kushoto, akavuta mlango, ukagoma, akaubamiza. Funguo zilikuwa zimebaki palepale.

"Endesha," akasema. "Na usikalie klachi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeomba, nimetania, nimenuna, na sasa nilipopewa nilizunguka gari nikaingia kama mwanafunzi. Nikawasha, nikaingiza gia ndogo. Kobe akaguna, akasogea. Sponji alikuwa ameegemea kulia kidogo, amesukumwa na kazi yake mwenyewe, wala hakuonekana kusumbuka. Njia ikapinda, kilima kikahamia upande wangu, na upande wake bonde likafunguka lote mpaka chini mtoni.

"Kumbe kuna nyumba kule," akasema.

"Ipo tangu zamani hiyo. Ina mlango wa buluu."

"Mimi sijawahi kuiona." Akapapasa kiti alichokalia. "Hapa alikuwa akinigonga bega kila tukipita. Tazama kule, tazama kule. Mimi namwambia naona, naona, na macho yangu yako kwenye mashimo. Sikuwa naona kitu, dada. Miaka yote ile nilikuwa namjibu tu."

Njia ilikuwa imeliwa na mvua, na mbele yangu kulikuwa na korongo ambalo gurudumu likitumbukia tumelala huko.

"Dada, tazama. Kuna mtu anaanika nguo juu ya majabali. Nyekundu tupu. Umeona?"

"Naona," nikasema, nimekodolea korongo.

"Hujaona kitu wewe."

Akacheka, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha vioo, akaendelea kunisimulia yaliyokuwa upande wake.