Nilivyouazima Mtaimbo Wangu Mwenyewe

Nilipoacha kazi ya gengi ya reli huko Mtito Andei, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nyapara wetu alitupeleka kwenye banda la vyombo vikuukuu akasema kila mmoja achague kitu kimoja aende nacho nyumbani. Wenzangu walichagua kwa akili. Mmoja alichukua birika kubwa la chai, mwingine taa, mwingine turubai. Mimi nilichukua mtaimbo. Ulikuwa unanifika kidevuni, mzito, ncha moja kali na ya pili bapa kama patasi. Walinicheka, lakini wao walikuwa wanarudi kwenye nchi tambarare. Mimi nilikuwa narudi milimani upande wa Nunguni, ambako ukitaka kupanda mti unaanza kwa kuuomba mwamba ruhusa.

Kabla ya kuondoka niliazima tupa nikautia alama tatu karibu na ile ncha bapa, ili tusipoteane.

Kijijini kwetu haukuwako mwingine. Watu walikuwa wanachimba matuta ya shamba, mashimo ya nguzo, misingi ya nyumba, na naibu wa chifu alikuwa anapita boma kwa boma akiuliza choo kiko wapi. Kila mwenye shimo alikuja kwangu. Sikumkatalia hata mmoja. Kumnyima mtu chombo anachokiona kimeegemea ukuta ni kugumu kuliko kumnyima chakula, kwa sababu chakula unaweza kusema kimekwisha, lakini mtaimbo hauishi. Na miaka ile ya kwanza ulikuwa unarudi, tena mara nyingi ulirudi na papai au kitete cha uji.

Kisha akauchukua jirani yangu.

Huyu jirani mashamba yetu yalitengwa na ua wa mkonge tu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukaoa mwaka mmoja, na kanisani tulikaa benchi moja. Alikuwa mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijafika mwisho, hata ukalazimika kukimalizia peke yako. Alikuja wakati wa kiangazi akasema ana nguzo chache za kusimamisha, siku tatu zitamtosha. Nikampa. Siku tatu zikawa msimu, msimu ukawa mwaka, na mwaka nao ukapata mwenzake.

Si kwamba sikwenda kuudai. Nilikwenda mara nyingi. Tatizo ni kwamba nikifika kwake tulianza na habari za mvua, tukaja kwenye ng'ombe, tukaja kwenye mahindi, chai ikaletwa, na chai ikishanyweka ni aibu kugeuza mazungumzo kuwa madai. Nikirudi nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimeuleta. Nilimjibu kwamba maneno hayakuwa yamefika huko. Akasema hayo maneno yangu lazima yanatoka Mombasa kwa miguu.

Siku moja nilijitahidi sana. Nilimwambia jirani kwamba mwaka huu mawe shambani kwangu yamezidi. Alitikisa kichwa kwa huruma akakubali kwamba kweli yamezidi.

Mambo yakakaa hivyo mpaka mwaka ambao binti yetu mkubwa alichumbiwa. Watu wa kijana walikuwa wa Kitui mjini, watu wa ofisi, na walituma habari kwamba watakuja baada ya wiki mbili kuleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wa kufungua rasmi habari ya ndoa. Tulikuwa tumeshapaka ukuta chokaa na kuazima viti. Halafu mvua za Novemba zikateremka kwa hasira. Asubuhi moja tulikuta choo chetu kimeinama kama mlevi. Kufika mchana kilikuwa kimeingia shimoni chenyewe, mlango na paa.

Mke wangu alisimama akalitazama lile shimo. Kisha akanigeukia.

"Wageni watakula na watakunywa," akasema, "halafu watauliza njia. Tutawaonyesha nini?"

Jembe katika ardhi yetu linachimba mpaka gotini. Kutoka hapo ni mwamba, na mwamba unataka mtaimbo. Nilivaa koti nikaruka ua wa mkonge, na safari hii sikungoja chai. Nilimwambia jirani nimekuja kuuchukua mtaimbo wangu.

Aliangalia chini. Mara hii hakucheka. Alisema mtaimbo haukuwa kwake tena, alikuwa amempa shemeji yake ng'ambo ya mto, aliyekuwa anajenga duka.

Nikavuka mto. Shemeji alinipokea vizuri sana, akanipa chai, akausifu mtaimbo wangu kwamba hajawahi kushika chuma kama kile, kisha akasema aliupeleka kwa akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, waliokuwa wanachimba bwawa. Nikaenda kwa mwenyekiti wao, mama mmoja mnene wa sauti ya kuamrisha, naye akanipa chai. Alisema bila ule mtaimbo bwawa lile lingekuwa bado ni kidimbwi cha vyura. Lakini walipomaliza, mchungaji wa kanisa lililo juu ya mlima aliwaomba wamwachie akachimbie msingi. Nilijiona kama baba mwenye mwana aliyekwenda mbali, ambaye kila anakopita anapewa habari njema za mwanawe, ila mwana mwenyewe hamwoni.

Sasa kanisa hilo lilikuwa kwenye mlima unaotazamana na boma langu. Halikuwa letu. Sisi tulisali huku chini, na kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyopasuka, iliyokohoa badala ya kulia. Lakini ile ya mlimani, tangu walipomaliza kujenga, ililia kila Jumapili kwa sauti nyembamba na safi iliyovuka bonde mpaka uani kwangu. Niliipenda sana. Nilimwambia mke wangu zaidi ya mara moja kwamba wale watu wana kengele. Nilikuwa hata nimewaomba wazee wa kanisa letu waende wakaulize ilikonunuliwa.

Nilipanda mlima tumbo likicheza chai. Nilipofika uwanjani nikaiona kengele yenyewe. Ilikuwa imefungwa waya wa seng'enge ikaning'inizwa kwenye boriti kati ya nguzo mbili, na bolti kubwa ya kuigongea imewekwa juu ya jiwe. Nilisogea karibu. Niliziona alama tatu za tupa.

Furaha ilinijia kwanza. Aibu ikaifuata hapo hapo, ingawa hata leo sijui niliona aibu ya nini, maana mwizi hakuwa mimi. Kusema kweli mwizi hakuwako.

Mchungaji alikuwa anapalilia miche yake ya mikaratusi akiwa amevaa gambuti. Alinikaribisha ndani, na kwa kuwa kwake maombi hutangulia habari, tuliomba kwanza. Baadaye akaniuliza kama nimeiona kengele yao. Akanieleza, kwa fahari, kwamba msingi ulipokwisha mtaimbo ulibaki pale mwezi baada ya mwezi bila mwenyewe kutokea, wakaona hiyo ni ishara. Waliutundika, wakaugonga, ukaimba. Waumini wa makanisa matatu walikusanyika kuuombea, na mbuzi akachinjwa.

"Mchungaji," nikasema, "hiyo kengele ni mtaimbo wangu."

Alinitazama. Nilimweleza habari za zile alama. Tulitoka nje pamoja, akapangusa kutu kwa kidole gumba, akahesabu, akahesabu tena kama mtu anayetumaini kuiona ya nne.

"Ndugu," akasema kwa upole, "lakini huu umeshaombewa."

"Naelewa, mchungaji. Lakini mimi choo changu kimeanguka."

Alikuwa mtu wa haki, nilimwona anavyotaabika. Mwishowe alisema kwamba kutoa kitu cha kanisa moja kwa moja hawezi bila kamati, na kamati hukaa mwisho wa mwezi. Lakini kuazimisha, hilo anaweza. Akaleta daftari walimoandika vyombo vya kanisa vilivyoazimwa, sufuria za harusi, mabenchi, karabai, na chini yake akaandika: kengele, moja, irudi Jumamosi kabla jua halijatua. Akanipa kalamu. Nikatia sahihi kwamba nimeuazima mtaimbo wangu mwenyewe. Siku ile ningetia sahihi kitu chochote.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, akakalia kinu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza uji, jirani yangu alikuja na jembe na sepeto. Sikuwa nimemwita. Alivua shati, akaruka ndani ya shimo nililokuwa nimelianza, tukachimba. Tulipokezana, mmoja akivunja mwamba, mwingine akitoa kokoto. Siku ya pili, tukiwa tumezama mpaka kifuani, alisimama akaegemea ukuta wa shimo.

"Siku ya kwanza nilichelewa tu," akasema. "Ya pili nikaona haya. Ukiona haya mwaka mzima, kitu cha watu kinakuwa kizito kukirudisha. Shemeji alipouomba nilishukuru, nikaona angalau sitauona tena pale mlangoni."

Nilimwambia nami niliona haya kuja kuudai. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, na kazi ikasimama kwa muda.

Jumamosi ikafika na shimo halijafika. Nilijiambia kwamba mchungaji ataelewa. Jumapili asubuhi nilikaa uani nikausikiliza mlima, na ule ukimya niliusikia vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia kengele. Baadaye tuliambiwa kwamba nusu ya watu walifika mahubiri yakiwa yameisha, na wengine waliendelea kulala wakidhani ni Jumamosi.

Jumatatu wazee wawili wa kanisa lile walikuja kunitembelea. Tuliongea habari za mvua. Tukaja kwenye ng'ombe, tukaja kwenye mahindi. Chai ikaletwa. Mtaimbo ulikuwa umeegemea ukuta mbele ya macho yao, na hakuna aliyeutaja. Walipokuwa wanaaga, mmoja alisema kwamba jana mlima ulikuwa kimya sana. Nilikubali kwamba ulikuwa kimya. Mke wangu jikoni alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nilipowasindikiza mpaka njiani nilitembea nikitazama vidole vya miguu yangu, na kwa mara ya kwanza nikajua jirani yangu alivyokuwa anajisikia kila nilipokwenda kwake kuzungumza habari za mvua.

Choo kilikamilika siku mbili kabla ya wageni. Walikuja na mbuzi wao watatu, wakala, wakanywa, na shangazi mmoja mzee wa upande wa kijana akauliza njia. Alikawia kidogo. Aliporudi aliwaambia watu wake, mbele yetu sote, kwamba mtu aliyechimba shimo kama lile hawezi kuwa na binti mvivu. Mazungumzo yalikuwa mepesi tangu hapo.

Wageni walipoondoka nilimwambia jirani kwamba siwezi kuirudisha kengele wala siwezi kukaa nayo. Akasema twende Mtito Andei. Kule nilimkuta mmoja wa wale wenzangu wa gengi, yule wa birika, sasa ndiye nyapara. Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa, akasema aliniambia nichukue turubai. Lakini alitupa kipande cha reli kilichokatwa, urefu wa mkono. Lori lilituleta mpaka njia panda, lori lingine lililotoka kupeleka kabichi likatupandisha Nunguni, na kutoka hapo tulikibeba kwa mti mabegani, mmoja mbele na mwingine nyuma, tukipumzika kila kona na kulaumiana nani anatembea vibaya.

Mchungaji alikipokea kwa mikono miwili, kikamvuta mpaka chini. Akafungua daftari, akaandika mbele ya jina langu kwamba kengele imerudishwa. Jumapili ya kwanza walipoigonga ile reli, mbwa wa vijiji vitatu waliitikia. Haikuwa sauti nyembamba tena, ilikuwa sauti ya kuamsha wafu, na nasikia walioendelea kulala walipungua.

Tangu hapo sikuazimisha tena mtaimbo peke yake. Anayeuhitaji alituhitaji sote wawili. Akija mtu na shimo lake, niliutia begani nikaenda naye, nikachimba, nikarudi nao jioni. Mke wangu alisema zamani alipoteza chuma, sasa amepoteza mume, na mgongo wangu ulikubaliana naye. Lakini niliyoyasikia ndani ya mashimo ya watu katika miaka iliyofuata nisingeyasikia kwingine, maana mtu akishazama kiunoni ndani ya ardhi hana tena sababu ya kuzunguka na habari za ng'ombe.

Kiangazi kilichofuata jirani naye alitaka choo kipya. Tulichimba siku tano. Mchana wa mwisho mkewe alitushushia uji kwa kamba, ndani ya kibati cha mafuta, tukakaa chini kabisa kwenye ubaridi, wanaume wawili wenye watoto wa kuoa, migongo ukutani, tukipokezana kibati. Juu yetu mbingu ilikuwa kipande kidogo cha mraba, na wingu moja likawa linapita. Yeye akasema hilo ni la mvua. Mimi nikasema bado. Tulibishana mpaka uji ukaisha, na hakuna aliyetoka kwenda kuhakikisha.