Sidii ya Tena na Tena

Badala ya mama, wanaume wawili walitokea kwa runinga wakipigana mieleka. Akoo, nyanya yangu, alizima. Mimi nikalia.

Mwezi mmoja kabla, lori ya kwenda Merti ilipinduka nasi. Mimi nilitoka hai, mama hakutoka. Sauti yake ilibaki tu kwa kanda ya harusi ya shangazi, akiimba. Gitonga wa duka la video, mtaa wa Wabera, ndiye alirekodi hiyo harusi. Tulienda atuhamishie huo wimbo kwa sidii, akaweka mbili tupu mezani, zikinuka plastiki mpya.

"Hii inaandikwa mara moja. Hii nyingine, tena na tena. Chagua, kasichana."

Nilidhani kwa hiyo ya pili mama ataimba tena na tena bila kuchoka; sikujua maana yake ni kwamba inafutika. Ilipotoka kwa mashine ilikuwa na joto.

"Akoo, ako hai huku ndani!"

Wiki iliyofuata Gitonga akaichukua, eti aisafishe mikwaruzo. Ikarudi na mieleka. Kanda je? "Imepotea," akasema.

Miaka hii yote nimejilaumu kwa kuchagua vibaya. Juzi, mtaani Chechelesi, niliona sidii zikining'inia kwa shamba la sukuma wiki la Gitonga, zikifukuza ndege. Nikasimama. Mkewe akaniambia kanda za harusi zote bado ziko, kwa sanduku chini ya kitanda. Nilitembea hadi nyumbani nikiimba.

Gitonga, mimi nilikuwa mtoto, wewe hukuwa. Lete hiyo kanda Akoo akiwa bado anasikia, na umwambie mwenyewe kwa nini ulimfuta binti yake.