Ubeti Nilioutoa

Mwaka 2017 nilikuwa Johannesburg, naandika tasnifu kuhusu wanahistoria wa dola ya Uthmaniya waliotunga historia kwa mashairi. Wengi walichukua kitabu cha nathari cha mwenzao aliyetangulia, wakakigeuza beti za kumsomea sultani. Baadhi walimtaja mwenye kitabu. Wengine waliandika tu "wapokezi wamesema", na jambo lililowasumbua wakaliruka. Niliwaandikia sura nzima ya kuwalaumu. Nilikuwa mkali kweli, mimi.

Mwaka huohuo wapangaji wa jengo letu pale Joubert Park waliniomba utenzi wa historia ya jengo, niughani kwenye sherehe ya Desemba. Mtu wa Tanga hakosi utenzi, walisema. Kumbe sikujua lolote, nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja. Aliyejua ni fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, mzee kutoka Bukavu, aliyeandika kila jambo katika daftari la shule: lifti ilikufa lini, nani alihamia, siku moto ulipowaka ghorofa ya sita. Katika moto ule alimpoteza binti yake wa miaka tisa. Aliniazima daftari bila kusita.

Nikalifuata ukurasa kwa ukurasa. Ubeti wa mwisho, kama ilivyo desturi, nikajitaja mimi mtunzi. Yeye sikumtaja. Nilitaka sifa ziwe zangu peke yangu, basi.

Siku ya sherehe alikaa mbele kabisa, midomo yake ikitangulia maneno yangu. Nilipofika kwenye moto akainamisha kichwa, akangoja. Nikapita. Mwishoni watu walipiga makofi na vigelegele, naye akanifuata walipopungua.

"Mwalimu, uliimba muzuri. Jina ya mutoto yangu, haikupata nafasi?"

"Mizani, baba," nikasema. "Kila kipande ni mizani nane tu. Halikuenea."

"Ah. Sikujua kama iko vile. Merci, mwalimu."

Ulikuwa uongo mtupu. Jina lile lina silabi nne, linakaa popote. Nilishalitungia ubeti, tena mzuri kuliko yote, nikautoa. Nisingeweza kumtaja mtoto bila kusema ni wa nani, na nikishamtaja baba yake watu wangejua utenzi umetoka kwenye daftari la nani. Naona haya hadi leo.

Januari fundi alihamia Turffontein. Asubuhi ya kuondoka alibisha mlangoni kwangu, chaki ya kushonea bado sikioni, akanipa kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Alikuwa ameandika jina la binti yake mara tano, kila mara amelipunguza herufi.

"Nilijaribu kuikata kidogo, mwalimu," akasema. "Angalia kama moja itaingia."

Nikaipokea karatasi. Nikamwambia nitajaribu.