Usaili Wangu wa Buswelu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Buswelu ambayo hata sasa, na uzee wangu huu, nikiikumbuka huzima redio kwanza ndipo nicheke vizuri. Siku yenyewe sikucheka. Nimesikia na wewe umeitwa kwenye usaili, basi kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa kwenye maabara ya kiwanda cha mafuta ya pamba, kazi yangu kupima mafuta kabla hayajatiwa kwenye madumu. Kiwanda kikapata mmiliki mpya, nasi tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Wenzangu walilia. Mimi niliikunja yangu nikaitia mfukoni, nikaenda kumwambia mke wangu Tabu, mwenye mimba ya miezi saba, kwamba nimeacha kazi kwa hiari maana natafutwa mahali pengine. Huo ni uongo wa kwanza. Uhesabu, usije ukapotea.

Hazikupita wiki mbili nikaona tangazo ukutani posta. Chuo kidogo cha wananchi kule Buswelu, kinachofundisha watu wazima na vijana waliokosa sekondari, kilitafuta msimamizi wa wakufunzi wa sayansi na hesabu. Nikaandika barua ya maombi kurasa nne. Nilisema nina uzoefu wa miaka tisa katika usimamizi. Nilichosimamia ni mashine mbili za kupimia mafuta na pipa moja, lakini tangazo halikuuliza kama ni watu.

Nilipoitwa kwenye usaili, nilimwambia Tabu nimeshapata, bado kusaini tu. Tabu akawaambia majirani. Majirani wakafikisha habari kisiwani Nansio kwa mama yangu, naye akanitumia jogoo kwa meli, wa kunipongeza mimi mkuu wa walimu. Usaili ulikuwa bado siku nne. Jogoo tukamla.

Siku ikafika. Nilivaa suti ya shemeji yangu, kaka yake Tabu, na tai yake nyekundu. Yule bwana alikuwa na mabega mara mbili ya yangu, kwa hiyo nilipogeuka, suti ilichelewa kidogo kunifuata. Nilipokelewa na Mzee Masanja, mkuu wa chuo, pamoja na Mama Kokwijuka, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mama mfupi aliyeongea taratibu na aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Niliamkia shikamoo mbili, nikakaa tayari kuulizwa maswali. Kumbe maswali hayakuwepo.

"Baba, hapa hatuulizi sana," alisema Mama Kokwijuka. "Nenda ukakae nyuma ya darasa. Mkufunzi anafundisha. Akimaliza, utatuambia ungemsaidiaje."

Mkufunzi mwenyewe aliitwa Nyamisi, binti wa Kijita, mwembamba, sauti ya chini. Wanafunzi walikuwa kama ishirini: mafundi baiskeli, wakulima, na Mama Milembe wa Buhongwa aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha stendi. Somo lilikuwa kuelea na kuzama. Mbele palikuwa na bakuli mbili za maji, moja ya chumvi, moja ya maji matupu. Nyamisi akatia yai kwenye maji matupu, likazama. Akalitia kwenye chumvi, likaelea. Watu wakaandika. Kisha akachukua yai la pili, akalitia kwenye maji matupu yale yale. Likaelea.

"Kwa nini?" aliuliza. Akanyamaza.

Darasa zima likanyamaza. Mwanangu, ule ukimya ulinitesa. Nilimwona binti yule amesimama mikono nyuma, hasemi neno, nikaamini kabisa kwamba ameharibu jaribio na hajui la kufanya. Nikamtazama Mama Kokwijuka, aliyekaa na Mzee Masanja pembeni mwangu, nikaona hapa ndipo mwanaume anapojipatia kazi.

Nikainuka. Suti nayo ikainuka, baadaye kidogo.

"Samahani mwalimu," nikasema, huku nikichukua chaki mkononi mwake. "Umechanganya bakuli. Haya ndiyo ya chumvi."

"Hapana, baba," alijibu kwa upole. "Naomba uwaache kidogo wafikiri."

Sikumwacha. Nikainua bakuli, nikanywa mafunda mawili mbele ya watu wote. Maji matupu kabisa, yana ladha ya yai tu. Hapo mwenye akili angerudi kukaa. Mimi nikageukia ubao, nikaeleza kwamba maji ya Ziwa Victoria siku hizi yana madini mengi. Fundi mmoja akauliza mbona yai la kwanza lilizama humo humo. Nikamjibu kwamba lile la kwanza ni la kuku wa kienyeji.

Mama Milembe akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nauza mayai. Yai likielea kwenye maji matupu..."

"Subiri mama, usiingilie somo," nikamkatiza. "Yai hili ni zima kama mengine. Tazameni."

Nikaligonga ukingoni mwa meza.

Halikuvunjika, lilipasuka, kwa mlio kama wa mpira wa baiskeli. Lililokuwa ndani likapanda juu ya tai nyekundu ya shemeji yangu mpaka kidevuni. Na ile harufu! Mafundi walikimbilia nje kupitia dirishani. Mzee Masanja, pamoja na goti lake bovu, alifika mlangoni kabla ya vijana. Nyamisi peke yake alibaki akifunika bakuli, na Mama Milembe, ambaye hakuharakisha, alinipitia akasema, "Ndilo nililotaka kusema."

Kumbe yai bovu lile Nyamisi alilitafuta kwa siku tatu. Ndilo lilikuwa somo lenyewe: yai likioza hujaa hewa, uzito hupungua, huelea. Alikuwa anawangoja walivumbue wenyewe.

Nilioshwa bombani kama mtoto. Mama Kokwijuka akaja akasimama kwa mbali, upande upepo unakotokea.

"Baba," alisema, "sayansi unaijua. Lakini sisi tulitangaza nafasi ya msimamizi. Wewe umekuja kuomba nafasi ya Nyamisi, na Nyamisi tunaye. Mtu asiyeweza kukaa kwenye dawati robo saa bila kushika chaki ya mwenzake, wakufunzi wetu watamkimbia wote."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, maana hakuna gari lililokubali kunipakia. Tabu alinikuta uani navua koti.

"Vipi, umesaini?"

Nikakaa chini nikamwambia yote, kuanzia barua ya kupunguzwa mpaka lile yai. Akacheka hadi akashika tumbo, nami nikaogopa. Alipomaliza kucheka akafuta machozi. "Kilichoniuma si kazi," alisema. "Umeniacha nitangaze kwa watu kitu ambacho hakipo." Kauli hiyo iliniingia kuliko harufu.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Usimamizi amepewa Nyamisi, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuomba niajiriwe kama mkufunzi wa kemia. Niligoma siku mbili kusimamiwa na binti niliyemzidi umri. Siku ya tatu nikaliangalia tumbo la Tabu, nikaenda.

Somo langu la kwanza, Nyamisi alikaa dawati la nyuma. Nikakosea alama ya kutoa ubaoni. Aliiona, nilijua ameiona, lakini hakusema. Dakika tano baadaye mwanafunzi akaikuta, darasa likachangamka. Tulipotoka aliniuliza swali moja tu: "Wewe umelionaje somo?" Nikaongea nusu saa, nikajisahihisha mwenyewe kila kitu. Nilikaa chini yake miaka mitatu. Alipokwenda kusoma zaidi, yeye ndiye aliyenipendekeza nishike nafasi ile.

Basi, mwanangu, sikiliza. Huko uendako usiandike usilolifanya, wala usimtangazie mwenzi wako kitu ambacho hujakipata. Ukiitwa kutazama, tazama. Ukimwona mwenzako amenyamaza mbele za watu, usidhani ameshindwa. Muulize kwanza. Na siku ukiwa mkubwa wa wengine, wape nafasi ya kukosea na kujirekebisha, kama nilivyopewa mimi.

Mungu akufungulie njia, akujalie wakubwa wenye subira na ulimi unaojua kungoja. Nenda, mwanangu, na uvae suti inayokutosha.